Mji mzima kitabu kimoja, maana yake nini hasa?

Ukisikia mradi wa "mji mzima kitabu kimoja" kwa watoto wa shule ya msingi, wengi akili inaenda moja kwa moja kwenye mashindano, yaani nani kasoma vitabu vingi apewe zawadi, au wanadhani ni ugawaji wa vitabu, maboksi yanashushwa shuleni, picha zinapigwa, watu wanaondoka. Hapana. Kinachaguliwa kitabu kimoja, watoto wa mji wote wanakisoma hicho hicho, kwa kipindi hicho hicho, alafu kinaongelewa. Hayo mambo lazima yawepo yote. Ukitoa hilo la kuongelewa umebaki na maboksi, ukitoa la kipindi kimoja umebaki na kitabu cha kiada tu, manake hata sasa shule nyingi wanatumia kitabu kimoja ila kila darasa liko ukurasa wake na hakuna mtoto atakayekwambia ana hamu ya kujua ukurasa unaofuata kuna nini.

Wazo lenyewe halikuanza na watoto. Lilianzia Seattle, Marekani, mwaka 1998, mkutubi Nancy Pearl na wenzake kwenye maktaba ya umma walijiuliza ingekuwaje kama Seattle yote ingesoma kitabu kimoja, na kilikuwa kitabu cha watu wazima. Mwaka 2001 Chicago wakafanya la kwao kwa ukubwa zaidi, na hapo ndipo habari ikasambaa. Vienna mwaka 2002 wakachapa kopi 100,000 wakazigawa bure. Mwaka huo huo New York nao wakataka, ila wahusika wakagawanyika kati ya vitabu viwili, huku wanataka hiki na kule wanataka kile, mpaka mpango wa kitabu kimoja ukawashinda. Kichekesho, kwamba watu wanaopenda vitabu kupita wote mjini ndio walioshindwa kukubaliana kitabu. Lakini ndivyo ilivyo, kuchagua ndiyo kazi ngumu na wala usidhani kwa watoto itakuwa rahisi.

Walikuwepo pia wasiolipenda. Mhakiki Harold Bloom aliliponda wazo zima, kusoma kwa makundi namna hiyo hakukumwingia akilini kabisa. Kwa mtu mzima naweza nikamwelewa, kusoma ni starehe ya mtu na nafsi yake. Kwa mtoto wa miaka nane mambo yako kinyume, huyo bado hajajua kama kitabu kina raha, na raha hiyo mara nyingi anaipata kwa kusomewa, amekaa karibu na mtu anayesoma. Kusoma peke yake kunakuja baadaye.

Ndiyo maana kwa watoto kitu hiki kinaendeshwa tofauti na kwa wakubwa. Mkubwa unampa kitabu na tarehe ya mjadala, atajijua. Mtoto anasomewa. Mwalimu anasoma kwa sauti, watoto wanafuata kwenye kopi zao au wanasikiliza tu, na jioni nyumbani anayeweza anarudia ile sura na mzazi, bibi, dada, yeyote aliyepo. Chukua mfano kitabu cha sura 20, ukisoma sura moja kila siku ya shule umemaliza ndani ya wiki nne. Sura ya maneno 1,000 ukiisoma taratibu, unatulia penye koma, unabadilisha sauti akiongea mhusika mwingine, ni kama dakika kumi hivi. Dakika kumi! Hamna ratiba ya shule itakayovunjika hapo, ingawa kila mara atatokea mtu wa kusema ratiba imejaa.

Sasa kwa nini asomewe wakati herufi anazijua? Hapa niende polepole kidogo. Mwaka 1986 watafiti wa usomaji Philip Gough na William Tunmer waliliweka jambo hili kama hesabu ya kuzidisha: kuelewa unachosoma ni uwezo wa kuyatambua maandishi, mara uwezo wa kuelewa lugha yenyewe. Kuzidisha, sio kujumlisha. Kwa hiyo kimoja kikiwa sifuri jibu ni sifuri, hata kile kingine kiwe kikubwa vipi. Na sisi wa Kiswahili tuna mtego wetu hapa, lugha yetu inasomeka ilivyoandikwa, ba ni ba popote utakapoikuta, basi mtoto anaweza kukutiririshia ukurasa mzima bila kukwama, wazazi wanafurahi kweli mtoto anasoma, ukimuuliza nani alifungua mlango anakutolea macho. Kasoma kama kasuku. Na upande wa pili yupo yule anayehangaika na silabi mpaka jasho linamtoka, lakini hadithi ile ile akisomewa anaielewa yote, na anaweza akakwambia yule mjomba anadanganya kabla mwandishi hajasema. Usomaji wa pamoja unawashika wote wawili. Wa kwanza anaulizwa maswali, wa pili anaingia kwenye hadithi inayomfaa kwa akili yake badala ya kubakizwa kwenye vitabu vya "mama anapika" kwa sababu tu macho yake yako taratibu.

Ukitaka kuona kama inafanya kazi kaa nyuma ya darasa. Mwalimu kafika mwisho wa sura, mbwa kapotea na mvua imeanza, anafunga kitabu. Darasa zima linalalamika, aah mwalimu, moja tu, moja tu! Na pembeni kuna mmoja hajasema kitu, kopi yake ameiweka mapajani, kidole kiko kurasa mbili mbele na anabana kicheko. Huyo usimkaripie. Mwambie tu asiwamalizie wenzake uhondo. Mtoto anayeiba kurasa ni mtoto aliyenasa, na ndicho mlichokuwa mnatafuta.

Kinachoua miradi hii mara nyingi ni mtihani. Mtu anaona watoto wote mjini wamesoma kitabu kimoja, mara moja anawaza, mbona tusiwapime? Kwizi ya maswali 30, taja majina ya wahusika, kitabu kina sura ngapi, alivaa nguo ya rangi gani. Basi mtoto akikishika tena anasoma kwa kuwinda majibu na kile kitabu kimegeuka somo. Maswali yawepo, ila yale ambayo hata mwalimu hana jibu lake, kwamba ungekuwa wewe ungemsamehe? Darasa likigawanyika hapo acha wagombane kidogo.

Kuhusu kitabu chenyewe, vigezo ni vingi, mimi nitasema vichache. Kisikike vizuri kwa sauti, wapo waandishi wazuri kwa macho ila ukiwasoma kwa sauti unaishiwa pumzi. Sura ziwe fupi na ziishie pabaya, kwa maana nzuri. Kiwafae wa darasa la pili na la tano kwa pamoja, hilo ndilo gumu, kwa hiyo miji mingine inachagua viwili, cha wadogo na cha wakubwa, na sioni kosa, bora viwili vinavyoeleweka kuliko kimoja cha kulazimishia. Na lugha iwe ile wanayoongea, maana ukichagua kitabu cha lugha wanayokutana nayo darasani tu, ile hesabu ya kuzidisha inarudi kukuumbua.

Kopi ni za kutosha au sio za kutosha, hakuna katikati. Kopi moja watoto watano ni mradi wa mtoto mmoja na wanne wanaochungulia. Bajeti ikibana, afadhali shule chache zipate kamili, au kopi zikae darasani na usomaji wa nyumbani uachwe kwanza. Kurekodi usomaji na kuwatumia wazazi kwenye simu nako kunasaidia, hasa nyumba ambayo mzazi hajui kusoma, ila ruhusa ya mchapishaji itafutwe mapema, kununua kopi hakukupi haki ya kurekodi. Watoto wasioona nao ni wa mji huo huo, wapate nukta nundu au sauti siku ile ile wengine wanapoanza, sio mwezi ujao. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 ulitengenezwa kwa ajili hiyo hasa, kwa nchi zilizouridhia unaruhusu nakala za namna hiyo zitengenezwe bila kuomba ruhusa kwa kila kitabu.

Kuna faida moja watu hawaiongelei sana. Mtoto akihama shule katikati ya muhula, mara nyingi kila kitu ni kipya, dawati, sare, mwalimu, wenzake wana mizaha yao asiyoielewa. Kama mji uko kwenye kitabu kimoja, siku ya kwanza anafika, anakaa, anamgeukia wa pembeni anauliza mmefika sura ya ngapi. Kumi na mbili. Sisi tulikuwa kumi na tatu. Yule wa pembeni anasogeza kiti: niambie, mbwa anapatikana?