Lady Be Good: ndege ya vita iliyopotea jangwani, na uongo unaoifuata

Ile picha ya ndege kubwa imelala kwenye mchanga wa Libya kama kuna mtu kaipaki, kila ikirudi mtandaoni inakuja na uongo mpya.

Eti ndege kongwe iliyopiga mabomu miji kibao. Hapana bana. Hiyo B-24 Liberator, ndege ya mabomu ya Wamarekani, ilifika Libya mwishoni mwa Machi 1943, na safari yake ya kwanza ya vita ndo hiyohiyo ya mwisho, tarehe 4 Aprili, kwenda kupiga bandari ya Naples kule Italia, ndani watu 9 ambao nao ilikuwa mara yao ya kwanza.

Eti ilitunguliwa. Nani aitungue? Usiku wakati wa kurudi rubani Hatton aliita kwa redio kuomba mwelekeo wa kurudi kambini kwao Soluch, kaskazini mwa Libya, akapewa, sasa mitambo ya enzi zile inakupa mstari tu haikwambii ndege iko upande gani wa kambi, wale wa redioni wakadhani bado yuko baharini kumbe keshawapita juu anazidi kuingia jangwani. Karibu masaa mawili hivyo! Saa 8 usiku mafuta yanaisha, wakaruka na parachuti, ndege ikaenda yenyewe kama kilomita 26 ikatua kwa tumbo.

Hapo ndo wakatokea watu wa mizimu, eti ni ndege ya mizimu. Waingereza waliokuwa wanatafuta mafuta waliiona toka angani 1958, walioenda kuikagua mwaka uliofuata wakakuta hamna maiti hata moja, redio inafanya kazi, bunduki inalia. Mzimu gani, huo ni ukavu tu wa jangwa, chuma kitapataje kutu pasipo na unyevu?

Inayoniudhi zaidi ni ile ya "walikuwa wajinga, si wangeifuata ndege, ndani kulikuwa na maji". Wangeijuaje ilipo? Wao walidhani kambi iko karibu wakashika njia ya kaskazini magharibi, na kambi ilikuwa kilomita mia sita na kitu mbele. Mmoja parachuti yake haikufunguka vizuri akafa palepale, waliobaki 8 wakagawana nusu chupa ya maji, kifuniko kimoja kimoja kwa siku. Rubani msaidizi Toner aliandika kwenye diary yake mpaka tarehe 12 Aprili, na anacholalamikia mwishoni ni baridi ya usiku. Watano miili yao ilikutwa 1960 kama kilomita 130 toka waliporukia, watatu walishaendelea mbele, na mmoja kati ya hao, Moore, hajapatikana rasmi mpaka leo.

Na wanaosema bado iko palepale, hiyo picha ya zamani. Watu walishaichomoa vipande kama ukumbusho, vingine viko makumbusho ya jeshi la anga kule Dayton, Ohio, na 1994 Walibya wakabeba kilichobaki wakakipeleka kambi ya jeshi karibu na Tobruk.