Kabla hujasuka mkeka, itazame leseni

Kijana mmoja alinifuata Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, asubuhi dagaa wakiwa bado wanateremshwa kutoka kwenye mitumbwi. "Shikamoo. Nimeambiwa wewe ndiye unashughulika na mambo ya kubeti." Akanipa simu yake. Kwenye kikundi cha WhatsApp alikuwa ameuziwa "mkeka wa uhakika", yaani ubashiri wa mechi kadhaa kwenye tiketi moja, akatuma shilingi 5,000, na kesho yake akaambiwa mkeka umetiki: ameshinda shilingi 1,840,000. Ila ili zitoke, atume kwanza shilingi 184,000 za kodi. Hizo hakuwa nazo. Alikwisha kutuma 60,000 za "usajili", fedha za usiku mzima wa kuvua.

Nilimuuliza mambo matatu tu. Kampuni inaitwaje? Namba yake ya leseni ni ipi? Ofisi yake iko mtaa gani? Hakuwa na jibu hata moja. Alichokuwa nacho ni picha ya mtu aliyeegemea gari na namba ya simu ambayo, tulipoipiga, haikupatikana.

"Mdogo wangu," nikamwambia, "kodi ya ushindi hailipwi mbele."

Hili ningependa lifike kila mwalo, kuanzia Igombe hadi Nansio. Mtu akishinda kwenye kampuni yenye leseni, kodi ya zawadi hukatwa na kampuni yenyewe kwenye ule ushindi, kisha kampuni ndiyo inayoipeleka TRA, mamlaka ya mapato. Wewe unapokea kinachobaki. Anayekwambia utume kodi, ada ya kufungulia au pesa ya kuthibitisha ili ulipwe, hana cha kukulipa.

Wengi wakisikia neno leseni wanafikiria karatasi ya serikali ya kukusanyia mapato. Mapato yamo, lakini mimi ninayezunguka kukagua vibanda na mashine za kamari naiona leseni kwanza kama kitu kinachomfanya mwenye biashara awe mtu wa kudaiwa. Pesa yako ikiwa mikononi mwake, anajulikana ni nani, amesajiliwa wapi, mtaji wake umetoka wapi, na kuna mamlaka inayoweza kumfungia. Yule wa WhatsApp hadaiwi na yeyote.

Nchini kwetu mamlaka hiyo ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, iliyo chini ya Wizara ya Fedha. Inafanya kazi kwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, Sura ya 41, iliyotungwa mwaka 2003. Kasino, ubashiri wa matokeo ya michezo, mashine za sloti, bahati nasibu, michezo ya mtandaoni, vyote vimo humo, na kila aina ina leseni yake. Kampuni iliyopewa leseni ya ubashiri haipati kwa leseni hiyo hiyo ruhusa ya kufungua kasino. Na leseni ya biashara ya halmashauri, iwe ya Nyamagana au Ilemela, haiwezi kusimama mahali pa leseni ya Bodi. Nimeoneshwa mara nyingi leseni ya duka la vinywaji na mtu aliyeamini kwa moyo wote kwamba imemruhusu pia kuweka mashine ya kamari kando ya friji.

Anayeomba leseni huchunguzwa yeye kabla ya mchezo wake. Wakurugenzi ni akina nani na wana rekodi gani? Wenye hisa ni kina nani hasa, au kuna mtu amejificha nyuma ya majina ya wengine? Fedha za kuanzia zimetoka wapi? Swali hili la mwisho linawaudhi waombaji wengi, lakini lina sababu yake. Nyumba ya kamari ni mahali rahisi pa kusafishia fedha chafu: mtu anaingia na mamilioni asiyoweza kuyaeleza, anacheza kidogo, anatoka na risiti inayosema ameshinda. Ndiyo maana waendeshaji wa michezo hii wanabanwa pia na sheria ya kudhibiti utakasishaji wa fedha haramu, na wana wajibu wa kuwatambua wateja wao na kutoa taarifa wakiona miamala inayotia shaka.

Baada ya mtu, ndipo tunageukia mchezo. Kanuni zake zimeandikwa wazi? Mechi ikiahirishwa, dau linarudi au linasubiri? Mfumo wa kompyuta unahifadhi kila dau, saa lilipowekwa na kiasi chake, kwa namna ambayo hakuna wa kulifuta usiku? Kampuni ina fedha za kulipa iwapo jakpoti itaangukia wiki ya kwanza? Majibu yakiridhisha, leseni hutolewa kwa muda maalumu. Muda ukiisha, inaombwa upya, na yaliyotokea katikati yanaangaliwa.

Hapo kazi yangu ndipo inapoanzia. Ukaguzi mwingi hauna la kusimulia: unaingia kibandani Buzuruga au Nyegezi stendi, unatazama leseni kama imebandikwa mahali pa kuonekana, unalinganisha jina na la kampuni, unasoma tarehe, unaangalia kama tangazo la umri lipo, unaomba risiti za siku. Dakika ishirini, umemaliza.

Mashine za dubwi, zile za kamari zinazomeza sarafu, ni habari nyingine.

Mwaka huu niliingia dukani kwenye mtaa mmoja wa Igoma. Ni duka la kawaida: sabuni, unga, mafuta ya kupima, pipi kwenye kopo. Kwenye kona, nyuma ya magunia, palikuwa na dubwi likiwaka taa zake. Mbele yake pamewekwa kreti la soda lililopinduliwa. Nilijiuliza kreti la nini, hadi alipoingia mtoto wa kama miaka kumi, amevaa sare ya shule, akapanda juu yake kama mtu anayepanda ngazi za kwao, akatumbukiza sarafu ya shilingi mia mbili. Hakunitazama hata kidogo. Bila lile kreti, mkono wake usingefika penye tundu la sarafu.

Nilimsalimia mwenye duka, nikajitambulisha. Mama wa makamo, si mtu mbaya. "Baba, mimi nimeletewa tu," akasema. "Wanakuja Jumamosi, wanafungua, tunagawana." Nani wanakuja? Hakumjua jina. Nikaitazama mashine mbele, ubavuni na nyuma: haikuwa na stika ya Bodi, haikuwa na namba wala jina la mmiliki. Mashine hiyo iliondolewa, na nilikaa na yule mama muda mrefu kuliko nilivyokaa na mashine, kwa sababu alikuwa haelewi kwamba mwenye eneo naye anawajibika. Huwezi kusema umeletewa tu. Umri wa kucheza kamari kisheria ni kuanzia miaka 18, na mashine hizi zinatakiwa kukaa sehemu za watu wazima, baa kwa mfano, si dukani mtoto anapotumwa chumvi.

Nawaomba wazazi na walimu wa Mwanza walichukulie hili kwa uzito. Mkaguzi mmoja hawezi kuingia kila duka kutoka Mabatini hadi Kisesa. Ninyi mnapita hapo kila siku.

Sisi wa ukanda huu tuna jambo jingine ambalo mtu wa Dodoma halifikirii sana: ziwa. Wavuvi na wafanyabiashara wetu wanakwenda na kurudi Kenya na Uganda, na simu zao zinakwenda nao. Lakini leseni haivuki maji. Kampuni iliyoruhusiwa Uganda na chombo cha kule imeruhusiwa Uganda. Ikitaka kupokea dau la mtu aliyeko Sengerema, ni lazima iombe hapa. Hata umri unatofautiana: kwetu ni miaka 18, Uganda sheria yao ya mwaka 2016 inataka miaka 25. Ukicheza kwenye tovuti isiyo na leseni ya Tanzania na ukadhulumiwa, mkaguzi wa Mwanza hana namna ya kumfikia mwenye tovuti hiyo.

Kuna jambo ambalo leseni haifanyi, na nalisema bila kuzunguka: haikufanyi ushinde. Chukua mechi moja yenye odi, yaani namba ambayo dau lako linazidishwa nayo ukipatia, ya 2.50 kwa mwenyeji, 3.10 kwa sare na 2.70 kwa mgeni. Gawanya mia moja kwa kila odi: unapata karibu asilimia 40, 32.3 na 37. Zijumlishe. Zinafika 109 na ushee, wakati matokeo yote ya mechi hayawezi kuzidi asilimia 100. Hiyo tisa iliyozidi ndimo ilimo faida ya kampuni, na ni halali, imo kwenye bei. Kisha ukisuka mkeka wa mechi kumi, na tuseme kila moja una nafasi 60 kati ya mia ya kupatia, mkeka mzima una nafasi kama 6 kati ya elfu. Timu moja tu ikikosea, umechanika. Nimewaonesha hesabu hii vijana wa bodaboda pale Pasiansi, na mmoja akatoa kalamu akairudia mwenyewe kwenye kiganja.

Ukiona kubeti kunaanza kula ada ya shule au nauli ya kazini, iandikie kampuni ikufungie akaunti, na hifadhi nakala ya ulichoandika.

Na ukidhulumiwa na kampuni yenye leseni, anza kwa kulalamika kwao kwa maandishi. Wakikaa kimya au jibu lisiporidhisha, leta suala kwa Bodi. Njoo na tiketi yenyewe, si picha ya tiketi ya mwenzako: iwe na namba yake, tarehe, saa, dau na mechi ulizochagua. Kama ulicheza kwa simu, usifute ujumbe wa malipo. Ile namba ya muamala ndiyo inayotuwezesha kulitafuta dau lako kwenye mfumo wa kampuni na kuliona kama lilivyoingia. Malalamiko mengi yanayokwama mezani kwangu yamekwama kwa sababu mtu aliitupa tiketi kwa hasira siku ile ile.

Yule kijana wa Mwaloni tulimwelekeza polisi, kwa kuwa wizi wa mtandaoni ni jinai na hapakuwa na leseni ya kufungia. Kabla hajaondoka alikitoa kile kikundi kwenye simu yake, lakini kwanza akapiga picha namba zote zilizokuwamo.