Treasure Planet: mkono wa chuma ulioibeba filamu

Treasure Planet ya Disney ilitoka Marekani Novemba 2002 ikazama ikiwa bado bandarini. Iligharimu takriban dola milioni 140, ikaingiza kama milioni 110 dunia nzima, na humo bado wenye kumbi za sinema walichukua chao. Tangu hapo inatajwa zaidi kama hasara kuliko kama katuni. Kwa maoni yangu, anayetaka kujua penseli na kompyuta zinavyoweza kuishi katika mwili mmoja aanzie hapa.

Kisa ni kile cha Robert Louis Stevenson, Kisiwa Chenye Hazina, ila merikebu inasafiri kati ya nyota. Waongozaji Ron Clements na John Musker walijiwekea kipimo: asilimia 70 ya mambo ya kale, 30 ya kubuni. Kwa hiyo matanga yapo, lakini yanavuna mwanga badala ya upepo.

Sasa mtazame Silver, haramia anayejifanya mpishi wa merikebu, akiwa jikoni. Mkono wake wa mashine unageuka kisu, unakatakata, unapasua mayai, kisha mzee anajifanya amejikata kiganja. Mwili wake aliuchora Glen Keane kwa mkono. Sehemu za mashine zilikuwa kazi ya Eric Daniels kwenye kompyuta. Kabla ya kujitosa, walichukua kipande cha zamani cha Kapteni Hook, haramia wa katuni ya Peter Pan, wakambandika mkono wa kompyuta, waone kama macho ya mtazamaji yatakubali. Ugumu ni huu: mchoro wa penseli hunyumbulika, bega hutanuka na kusinyaa kidogo kutoka picha moja hadi nyingine, wakati chuma cha kompyuta hakibadili kipimo. Vikipishana hata kidogo, mkono unaonekana kuelea kando ya mwili. Simamisha picha begani, usogeze taratibu. Hauelei.

Na ufundi huo una kazi. Silver anapomfundisha Jim, kijana ambaye ndiye mhusika mkuu, kufunga fundo na kusugua sitaha, picha zinapishana na za baba aliyemwacha Jim utotoni. Dakika chache tu, mazungumzo karibu hakuna, na tayari tumeshampenda mtu tunayejua ni haramia.

Kasoro? Ya kwanza inaitwa B.E.N. Roboti huyu anaingia hadithi ikiwa imeshakolea, anapiga kelele bila kituo, na kwa kuwa ametengenezwa kwa kompyuta mwili mzima, hana nyama ya kuchorwa ya kumshikiza kwenye mandhari. Kile kile kilichofaulu kwa Silver kinamwangusha yeye. Hata hivyo, kosa lake la kuzima nguvu ya mvutano inayowashikiza watu kwenye sitaha ya merikebu limeandaliwa vizuri: mwanzoni mwa safari tuliwaona mabaharia wakielea hadi mvutano ulipowashwa.

Ya pili ni nzito zaidi. Scroop, haramia pekee anayetisha kweli, anaondoka mapema mno. Silver ameshalainika, kwa hiyo mwisho unaachiwa sayari inayolipuka na saa inayohesabu kurudi nyuma. Mbio zinasisimua, ila hakuna mtu wa kumwogopa.

Hewa ya kuvutwa angani, ambako kwa kweli haipo, wala hainisumbui. Ipo ndani ya ile asilimia 70 ya mambo ya kale. Siku ya kutoka ndiyo iliyochaguliwa vibaya: Harry Potter wa pili alikuwa ameshatangulia kumbini kwa siku 12.