Je, sheria mpya ya kupunguza adhabu huwafungua waliokwisha kuhukumiwa?

Wengi huamini kwamba bunge la jimbo nchini Marekani likipunguza adhabu ya kosa fulani, kila aliyekwisha kufungwa kwa kosa hilo hupunguziwa kifungo papo hapo. Imani hiyo inaeleweka, hasa kwa familia zenye ndugu gerezani, ambazo hupokea habari za sheria mpya kwa matumaini makubwa.

Kwa kawaida, hata hivyo, sheria ya adhabu hutazama mbele: kosa huadhibiwa kwa sheria iliyokuwapo lilipotendwa, isipokuwa sheria mpya iseme vinginevyo. Florida iliiweka kanuni hiyo ndani ya katiba yake hadi wapiga kura walipoiondoa mwaka 2018; na kuondolewa huko peke yake hakukumfungua mtu, bali kulilipa bunge nafasi ya kuamua. California ilishika njia nyingine mwaka 2014, pale kura ya wananchi iliposhusha uzito wa makosa kadhaa ya wizi mdogo na ya kumiliki dawa za kulevya, ikawaruhusu waliokuwa wakitumikia vifungo kuomba mahakamani wahukumiwe upya. Waliruhusiwa kuomba, na neno hilo ni zito, kwa maana hukumu ya zamani haikubadilika yenyewe.

Msomaji anaweza kujihakikishia. Miswada husomwa bure kwenye tovuti za mabunge ya majimbo: atafute tarehe ya kuanza kutumika, kifungu kinachowataja waliohukumiwa kabla yake, na muda wa mwisho wa kuwasilisha ombi, kisha amwonyeshe wakili kifungu hicho mapema.