Mshono wa neno refu la Kiholanzi

Neno refu halimtishi mtu wa Kiswahili. "Tutakapowatembelea" tunalitamka kwa pumzi moja. Ila urefu wa Kiholanzi ni wa namna nyingine: maneno kamili hushonwa pamoja bila nafasi katikati, na ukitaka kuyasoma sawasawa huna budi kuuona mshono kwanza.

Tazama dijkramp. Ukilikata dijk-ramp, ni maafa ya kubomoka kwa tuta la kuzuia maji. Ukilikata dij-kramp, ni kukaza kwa misuli ya paja. Herufi ni zilezile!

Katika neno la kawaida, konsonanti moja iliyo kati ya irabu huenda na silabi inayofuata: ka-mer, yaani chumba. Lakini mshono una nguvu kuliko kanuni hiyo. Kulazwa hospitali ni ziekenhuisopname, nalo hukatwa zie-ken-huis-op-na-me. Ukiandika hui-sop umekosea, maana huis, nyumba, imeishia pale. Hata ile s ya kuunganishia katika stationsplein, uwanja wa mbele ya stesheni, hubaki kushoto: sta-tions-plein.

Mkazo ndio unaotusumbua zaidi. Wetu husogea neno likirefuka: ki-TA-bu, kita-BU-ni. Katika maneno haya ya Kiholanzi kwa kawaida hausogei. Ziekenhuis, hospitali, mkazo uko kwenye zie. Ongeza bed, kitanda, upate ziekenhuisbed; bado uko zie. Sasa leta directeur, mkurugenzi, ambalo likiwa peke yake hukazwa mwishoni, kwenye teur. Katika ziekenhuisdirecteur mkazo mkuu unabaki zie, na ule wa teur unafifia bila kupotea. Ulimi wetu, uliozoea silabi ya pili kutoka mwisho, utauburuta hadi rec, na hapo Mholanzi atakuomba urudie.

Maana nayo iko upande wa pili. Ziekenhuisbed ni kitanda, si hospitali. Sisi tungeanza na kitanda, "kitanda cha hospitali". Kwa hiyo kaza sauti mwanzoni, lakini jua ni kitu gani kwa kutazama mwisho.

Yapo yanayokataa kanuni, na ni ya kila siku: stadhuis, jengo la manispaa, hukazwa kwenye huis, burgemeester, meya, kwenye mees, na boerenkool, mboga ya jamii ya sukumawiki, kwenye kool.