Mashine ya kujibu simu haijui kuitikia salaam

Mwaka jana niliitwa kwenye nyumba moja Kibokoni, Mombasa, kuangalia mashine ya kujibu simu, ile inayopokea simu ya mezani na kunasa ujumbe wakati hakuna wa kuishika, ambayo, kwa maneno ya mama mwenye nyumba, "inakula maneno ya watu". Tuliketi sebuleni, nikabonyeza kitufe cha kusikiliza. Biip. Kisha sauti ya bibi mtu mzima: "Assalaam aleykum." Kimya. Kwa mbali anasikika jogoo, na mtu anaburuta kiti. "Hodi?" Kimya tena, halafu mashine ikakata. Ujumbe wa pili ulikuwa huohuo. Wa tatu, bibi aliuliza, "Mbona hamniitikii?" akaweka simu chini.

Mama akashika tama. Alikuwa shangazi yake, anapiga kutoka Lamu kuwaarifu kwamba anakuja na basi. Alifika Mwembe Tayari jioni, hakumkuta mtu wa kumpokea, akachukua tuktuk peke yake na mizigo yake hadi mlangoni.

Mashine haikuwa na kasoro yoyote. Mashine hizi hujua hasa kwa njia mbili kwamba mpigaji amemaliza. Ya kwanza ni ishara ya umeme kutoka kwenye mitambo ya simu, mkondo wa laini unapokatika kidogo baada ya mpigaji kuweka simu chini. Si kila laini huleta ishara hiyo. Ya pili ni kimya: ikikosa kusikia sauti kwa sekunde kadhaa, mashine huhesabu kwamba mtu ameondoka, inafunga. Nilizozipima mimi kwa saa zimekuwa zikifunga baina ya sekunde 6 na 10. Waliozitengeneza walimfikiria mpigaji anayesikia biip akatoa maneno yake mfululizo. Watu wetu hawasemi hivyo. Mtu hutoa salaam akangoja aitikiwe. Hupiga hodi akangoja aambiwe karibu. Kuanza kumwaga habari mbele ya mtu ambaye hajakujibu ni kukosa adabu, na adabu hiyo haiondoki kwa sababu upande wa pili kuna kaseti.

Mimi ni fundi wa simu tangu enzi za Shirika la Posta na Simu, kabla halijagawanywa mwaka 1999. Wateja wangu wa simu ya mezani wamepungua lakini hawajaisha. Wapo wazee ambao namba yao ya 041 inajulikana kwa kichwa na jamaa wa Muscat na London, zipo zahanati ndogo na madrasa, na wapo waliovutiwa nyumbani waya wa intaneti wa faiba wakakuta ruta ina tundu la simu nyuma. Wote wakiniuliza kuhusu mashine ya kujibu simu, nawaambia kwamba kuchomeka nyaya ni kazi ya dakika kumi. Kazi yenyewe ni salamu utakayoirekodi.

Basi nyaya tuzimalize upesi. Nyuma ya mashine kuna matundu mawili. Lililoandikwa LINE hupokea waya wa ukutani au wa ruta, na lililoandikwa TEL au PHONE huenda kwenye simu yenyewe. Tumia waya uliokuja na mashine. Ndani ya kile kichwa kidogo cha plastiki mara nyingi mna nyuzi nne, lakini laini hupita kwenye mbili tu. Mashine nyingi husoma mbili za katikati, na baadhi ya nyaya za Uingereza hupitisha laini kwenye mbili za pembeni. Waya kama huo huingia vizuri, hubana "tak", na simu inabaki kimya kama jiwe. Nimekuta mtu amekwisha nunua mashine ya pili kwa kosa la waya. Na ukishika nyuzi kwa mkono mtupu, kumbuka laini ya shaba ina volti zinazokaribia 50 hata simu ikiwa imetulia. Inapolia, hupita AC, yaani umeme unaogeuka mwelekeo, unaoweza kufika volti 90. Ukiwa juu ya ngazi, mshtuko huo unatosha kukuangusha.

Umeme ndio uliozimaliza mashine nyingi nilizoletewa. Mtu ameletewa zawadi na kaka yake kutoka Marekani, na adapta imeandikwa 120V 60Hz. Ananunua kile kichwa cha kubadilisha pini, anachomeka kwenye soketi yetu ya volti 240. Kichwa kile hubadilisha umbo la pini tu, volti zinapita vilevile zilivyo. Baada ya muda adapta inachemka, harufu ya vanishi inajaa chumbani, zawadi imekwenda. Geuza adapta usome maandishi madogo kwanza. Ikiwa ni 100–240V, chomeka bila wasiwasi. Ikiwa ni 120V peke yake, iweke kando utafute nyingine.

Hapo kwenye kutafuta nyingine ndipo hata mafundi huteleza. Anaona mashine inataka volti 9, anatoa adapta yoyote ya volti 9. Lakini ziko mashine zinazotaka 9V AC, si DC, yaani umeme wa mwelekeo mmoja. Ziko zinazotaka DC yenye hasi katikati ya pini, ilhali adapta iliyo dukani ina chanya katikati. Karibu na tundu la umeme pamechorwa kiduara chenye alama ya kujumlisha na ya kutoa. Linganisha mchoro huo na ule ulio kwenye adapta, ufanane kabisa. Miliampia za adapta, yaani kiasi cha mkondo inachoweza kutoa, zisiwe chini ya zinazotakiwa, zikizidi hazina neno.

Kisha kuna betri, mara nyingi ile ya mraba ya volti 9, chini ya mashine. Kazi yake ni kushikilia kumbukumbu stima ikipotea. Bila hiyo, mashine nyingi za dijitali hurudi zikiwa hazina saa, hazina salamu yako, na wakati mwingine hazina ujumbe wowote. Mimi huibadilisha kila mwaka hata kama haijaisha, kwa sababu katika joto letu betri iliyosahaulika huvuja na kula vibati vyake.

Sasa milio. Mashine itakuuliza ijibu baada ya milio mingapi: 2, 4, au 6. Nyumba ya Mji wa Kale yenye ghorofa mbili na ngazi za kusimama wima inahitaji 6, hasa anayeshika simu akiwa na magoti mabovu. Fanya hivi: piga namba ya nyumbani kwa simu ya mkononi, mzee awe chumba cha juu, ashuke kwa mwendo wake wa kawaida, nawe uhesabu milio. Ikiwa laini yako ni ya faiba, uliza kama kampuni imekuwekea huduma yake ya kupokea ujumbe. Ikiwapo, na ikaingia kabla ya mashine yako, ujumbe utakuwa unakwenda kwao na wewe utashangaa kwa nini taa haiwaki. Ama uiondoe huduma hiyo, ama upunguze milio ya mashine.

Swichi ya kuchagua milio huenda ikawa na nafasi nyingine imeandikwa TOLL SAVER, na wengi hawaigusi. Ni jambo zuri. Ukiiweka hapo, mashine yenye ujumbe mpya hujibu baada ya milio 2. Isiyo na ujumbe mpya hungoja mpaka wa 4. Uko Nairobi, unapiga nyumbani, unasikia mlio wa tatu: hakuna jipya, unakata kabla haijapokea, na hukulipa senti. Anayejua kuflash ameshaielewa. Ikipokea, bonyeza namba ya siri salamu ikiwa inaendelea, utasomewa ujumbe wako ulipo. Namba hiyo ya kiwandani mara nyingi imebandikwa chini ya mashine, na mashine za aina moja huweza kuwa na namba moja. Ibadilishe siku hiyohiyo, la sivyo yeyote aliye na mashine kama yako anaweza kusikiliza habari za nyumba yako.

Turudi Kibokoni, kwenye salamu. Ile ya zamani ilikuwa imerekodiwa na kijana wa nyumba kwa Kiingereza, ikisema hatupo, acha ujumbe. Ina makosa matatu. Shangazi wa Lamu hasikilizi Kiingereza. "Hatupo" inamwambia mwizi kwamba mlango hauna mtu. Na kubwa kuliko yote, haikumpa mpigaji nafasi ya kutoa salaam kabla ya biip, kwa hiyo alikuja kuitoa baada yake, akaanza kungoja.

Tulirekodi upya kwa sauti ya mama mwenyewe, maana mpigaji akisikia sauti anayoijua hutulia. Tulizima feni, tukafunga dirisha la upande wa barabara, tukangoja adhana ya laasiri imalizike. Alikaa kama shibiri moja kutoka kwenye maikrofoni. Maneno yalikuwa haya: "Assalaam aleykum." Hapo nikamwinulia vidole viwili, anyamaze sekunde mbili. Ndani ya sekunde hizo mpigaji ataitikia, mdomo wake mwenyewe utafanya hivyo bila kuamriwa, na kazi ya salaam itakuwa imeisha. Kisha: "Hatuwezi kushika simu sasa. Hii ni mashine, haitakujibu, lakini inashika kila neno. Ukisikia mlio usingoje, sema jina lako, habari yako, na namba yako mara mbili. Tutakupigia." Sekunde 18 kwa saa yangu. Usizidishe sana, kwa sababu mashine inapopokea tu, mpigaji ameanza kulipa.

Neno "usingoje" ndilo lililotuchukua muda. Mara ya kwanza mama alisema "tafadhali acha ujumbe", nami nikamwambia shangazi hajui ujumbe unaachwaje, anajua mtu anaambiwa aseme. Familia isiyotumia Assalaam aleykum ianze kwa "hujambo" au salamu yoyote yenye kiitikio, mradi kile kimya kidogo kiwepo.

Upande wa mipangilio, nilihakikisha muda wa kila ujumbe una kikomo. Laini isiyoleta ishara ya kukata humwachia mashine ile "tuu, tuu, tuu" baada ya mtu kuondoka, na mashine iliyotengenezewa nchi nyingine huenda isiutambue mlio huo. Huuona ni sauti ya mtu, ikaendelea kurekodi. Mashine yenye nafasi ya dakika 15 inaweza kujaa tuu-tuu kwa siku moja. Ukiona nafasi ya dakika 1 na ya dakika 4, chagua 1 uone kama watu wako wanatosheka.

Mashine za kaseti zina taabu yake hapa pwani. Hewa ya chumvi hushika kichwa cha kusomea, unyevu hufanya utepe unate, na sauti huanza kuzama kama mtu anazungumza ndani ya mtungi. Pamba kwenye kijiti, spiriti kidogo, sugua kichwa na kile kigurudumu cha mpira, acha ikauke kabla ya kurudisha kaseti. Usiiweke mashine dirishani hata kama hapo ndipo tundu la simu lilipo. Kurekodi sauti kwa sumaku kulianza na Mdenmaki Valdemar Poulsen mwaka 1898, kwa waya wa chuma, na tangu hapo kanuni haijabadilika: sauti imelala juu ya kitu kinachoweza kuchakaa.

Kwa sababu hiyo, kabla sijachomoa mashine yoyote kwa matengenezo, huuliza kama ndani mna sauti ya mtu ambayo nyumba isingependa kuipoteza. Mara nyingi ipo. Ya kaseti ni rahisi: toa kaseti, vunja vile visikio viwili vya plastiki kama inavyo, haitarekodiwa tena juu yake. Ya dijitali usiiguse betri kwanza. Weka simu ya mkononi karibu na spika, zima feni, fungua kinasa sauti, cheza ujumbe wote tangu mwanzo, kisha usikilize ulichonasa mpaka mwisho. Hapo ndipo uchomoe.