Kuoanisha mistari ya spektra ya eksirei: maana yake

Spektra ya eksirei kutoka angani ni hesabu ya fotoni, yaani chembe za mwanga: zimeingia ngapi kwenye kigunduzi, na kila moja imekuja na nishati gani. Ukiichora utaona mteremko, na hapa na pale kilele kimechomoza. Vilele hivyo ndivyo mistari ya utoaji. Kila mstari ni alama ya elektroni zinazoshuka ngazi ndani ya atomu za aina moja. Chuma chenye elektroni zake karibu zote hung'aa kwenye elektronivolti 6,400 (elektronivolti ni kipimo cha nishati ya fotoni). Kikibaki na mbili tu, kwenye 6,700 hivi. Kikibaki na moja, karibu 6,970.

Kuoanisha ni kutafuta modeli inayozaa vilele kama vile vilivyoonekana. Kwa kila mstari tunataka mambo matatu: umekaa wapi, una upana gani, una nguvu kiasi gani. Mahali hutupa aina ya ayoni, yaani atomu iliyopoteza elektroni, na mwendo wake kuja kwetu au kutukimbia. Upana hutupa joto na msukosuko wa gesi. Nguvu hutusaidia kukadiria wingi wa elementi.

Wanaoanza hudhani programu husafisha spektra kwanza, ndipo ipime. Sivyo, na ni muhimu kulielewa hili. Kigunduzi cha CCD, chipu ya aina ile ya kamera za kidijitali, huutandaza mstari mwembamba wa chuma hadi upana wa elektronivolti 130 hivi, na ukijaribu kuurudisha mtandazo huo kinyumenyume, kelele ndogo za takwimu huvimba na kumeza kila kitu. Kwa hiyo kazi hufanywa kwa kwenda mbele. Unakisia modeli, kwa mfano mteremko pamoja na umbo la kengele la Gauss. Programu huipitisha kwenye faili za mwitikio wa chombo, zinazoeleza jinsi kigunduzi kinavyozitandaza fotoni za kila nishati, kisha hulinganisha matokeo na fotoni zilizohesabiwa, hurekebisha namba na kurudia. XSPEC ya NASA, Sherpa ya kituo cha Chandra na SPEX ya SRON, taasisi ya utafiti wa anga huko Uholanzi, zote hufanya hivyo.

Ulinganisho huo mara nyingi hufanywa kwa khi-mraba, yaani jumla ya miraba ya tofauti kati ya modeli na data, lakini fotoni zikiwa chache kipimo hicho hupotosha. Afadhali takwimu ya Cash, ya mwaka 1979, iliyojengwa juu ya mgawanyo wa Poisson, ule wa kuhesabu matukio yanayokuja kwa bahati nasibu.

Mwitikio ukijulikana vizuri, mavuno ni makubwa. Mwaka 2016 setilaiti ya Hitomi ilipima msukosuko wa gesi katika kundi la galaksi la Perseus: kilomita 164 kwa sekunde. Kasi hiyo hupanua mstari wa chuma kwa elektronivolti chache tu, na chombo chenyewe kilikuwa kikiongeza kama tano.

Ninachosisitiza zaidi ni mstari hafifu. Ukiongeza kengele kwenye modeli, ulinganifu karibu kila mara utaboreka, hata kama angani hakuna kitu. Jaribio la F, kipimo cha takwimu cha kuamua kama nyongeza kwenye modeli ina maana, ambalo watu hulikimbilia hapo, halifai, kwa sababu nguvu ya mstari usiokuwepo ni sifuri, na sifuri ndiyo mpaka wa thamani zinazoruhusiwa. Tengeneza spektra bandia elfu moja zisizo na mstari, zioanishe zote kwa njia ileile, ukiiacha kengele itembee kwenye nishati zote ulizotafuta mwanzo, kisha hesabu ni ngapi zimekupa kilele chenye nguvu kama chako au zaidi; zikiwa nyingi, mstari wako huenda ni bahati tu.